Diski Ngumu, SSD, Flashi au DVD: Ulinganisho kwa Anayetunza Picha na Nyaraka Nchini Uganda

Ili ulinganisho huu usielee hewani, nitapima kila chombo kwa mzigo mmoja: sherehe ya kwanjula (ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi) pamoja na harusi yake, iliyopigwa kwa kamera mbili, ambayo katika karakana yetu ndogo ya video hapa Kampala hutuachia takribani gigabaiti 64 za picha na sauti kabla ya uhariri. Mzigo huo ungejaza disketi zaidi ya 44,000 za inchi 3.5, zile za megabaiti 1.44 ambazo wazee wa maofisini bado wanazikumbuka. Ungejaza CD 92 za megabaiti 700, au DVD 14 za tabaka moja, au Blu-ray 3 za gigabaiti 25. Na huo huo unaenea ndani ya kadi moja ya kumbukumbu ya simu iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Kwa hesabu hiyo peke yake mtu angeona mjadala umekwisha, anunue chenye nafasi kubwa na kwenda zake. Kwa maoni yangu nafasi ni swali la tatu. Swali la kwanza ni kazi ya chombo: je, ni cha kufanyia kazi kila siku, cha kusafirishia, au cha kuweka kabatini miaka kumi na zaidi? Hakuna chombo kimoja kinachozifanya kazi hizo tatu vizuri. Swali la pili, ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akiliuliza, ni kama siku ya kukihitaji kutakuwa na kifaa cha kukisomea. Vyombo vingi nilivyoletewa vikiwa vimekufa havikuoza. Kilichokufa ni mashine zilizokuwa zikivisoma.

Diski ngumu na SSD

Diski ngumu ni sahani za aluminiamu au kioo zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa mwanya wa nanomita chache tu. Ya kwanza kuuzwa, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, nayo ilibeba herufi milioni 5, ambazo ni kama picha moja ya simu ya leo. SSD haina kitu kinachozunguka. Ndani yake mna chipu za kumbukumbu ya aina ya flashi, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980, na chipu hizo hushika chaji ya umeme hata chombo kikizimwa.

Diski ngumu ya kawaida husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD inayotumia kiunganishi cha SATA, kile kile cha diski ngumu za kawaida, hufika karibu 550, na ile ya NVMe, njia mpya na ya kasi zaidi ya kuungana na kompyuta, ikiwa ya kizazi cha PCIe 3.0 hufika karibu 3,500. Kwa mzigo wetu wa harusi, diski ngumu inayokwenda megabaiti 120 kwa sekunde itasomwa yote kwa dakika 9, na SSD ya SATA inayokwenda 500 kwa dakika 2 na ushei. Kwa anayenakili mara moja kwa wiki, dakika hizo saba haziumizi. Maumivu yako kwingine: kompyuta inapowaka, au inapofungua programu ya uhariri, husoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, na kwa kila faili kichwa cha diski ngumu hakina budi kuhama na kuingoja sahani ifike chini yake, kazi inayochukua takribani milisekunde 10, ilhali SSD hutumia kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Ndiyo maana laptopu ya mwaka 2014 iliyotolewa diski ngumu na kuwekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya, na ndiyo maana huwashauri vijana wanaotaka kununua kompyuta mpya wajaribu kwanza badiliko hilo, ambalo gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta.

Halafu kuna boda boda. Diski ngumu iliyozimwa hustahimili mtikisiko mkubwa, kwa kuwa vichwa vyake huwa vimeegeshwa kando ya sahani. Lakini watu wengi hufunga kifuniko cha laptopu tu, mashine ikaendelea kuzunguka ndani ya mkoba mgongoni, kisha wakapita juu ya matuta na mashimo wakiharakisha kazini. Kichwa kinachoelea kwa nanomita chache hakihitaji tuta kubwa ili kiguse sahani. Diski yangu ya kwanza ya kazi iliharibika hivyo hivyo, kati ya Entebbe na Kampala, na sauti yake ya kugonga, ambayo mwenzangu aliita saa ya ukutani, ilidumu siku mbili kabla haijanyamaza kabisa. Siku hizo mbili, hata hivyo, zilinitosha kuokoa nusu ya kazi. Diski ngumu huugua kwa kelele na mara nyingi humpa mwenyewe nafasi ya kuokoa; SSD huweza kufanya kazi vizuri asubuhi na jioni isitambulike kabisa na kompyuta, pasipo onyo lolote. Tena, faili ulilolifuta kwa bahati mbaya katika diski ngumu mara nyingi hurudishwa na fundi, lakini katika SSD ya kisasa mfumo huiarifu SSD kwamba nafasi hiyo haina mwenyewe, nayo huifuta kabisa baada ya muda mfupi.

Kuhusu umeme unaokatika, kila moja ina udhaifu wake. Diski ngumu nzuri hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kurudisha vichwa mahali pa usalama. SSD za bei ya chini hazina kapasita, vijipande vinavyoshika umeme kidogo, za kuzipa muda mfupi wa kumalizia kuandika, kwa hiyo umeme ukipotea katikati ya kazi, jedwali linaloonyesha kila kipande cha data kiko chipu gani huweza kuvurugika, na jedwali hilo likivurugika data yote hupotea hata kama chipu ni nzima. Mwenye laptopu yenye betri nzima hana la kuhofia sana. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) kabla ya kununua SSD kubwa, na wakati wa radi avute plagi ukutani, kwa kuwa UPS nyingi za bei nafuu hazizuii radi.

Watu huuliza kama ni kweli SSD huisha kwa kuandikwa. Ni kweli, lakini hesabu haitishi. SSD ya gigabaiti 500 ya daraja la kati kwa kawaida huhakikishiwa na mtengenezaji wake kuandikwa terabaiti 300. Nikiandika harusi nzima ya gigabaiti 64 kila siku ya Mungu, nitafika kikomo hicho baada ya zaidi ya miaka 12. Jambo la kuhofia zaidi ni kinyume chake: SSD iliyoachwa kabatini bila umeme kwa miaka hupoteza chaji polepole, na hupoteza upesi zaidi ikiwa imechakaa na mahali pana joto. Kwa sababu hiyo SSD ni chombo cha kufanyia kazi, si sanduku la kumbukumbu. Diski ngumu hufaa zaidi kabatini, mradi iwashwe walau mara moja kwa mwaka, na kwa kila terabaiti bado ni nafuu kuliko SSD.

Upo mtego wa umbo ambao umewagharimu wengi. Kipande cha SSD cha M.2, yaani chenye umbo la kijibao chembamba kisicho na kasha, huweza kuwa cha SATA au cha NVMe, na vyote viwili hufanana kama mapacha, ila mikato ya kwenye meno yao hutofautiana; laptopu inayokubali kimoja si lazima ikubali kingine, na laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa mjini, hasa za kabla ya mwaka 2015, hazina nafasi hiyo hata kidogo, bali hutaka SSD ya SATA ya inchi 2.5. Fungua kifuniko cha chini uangalie kwanza, ndipo uende dukani. Na kama unanunua diski ngumu iliyokwisha kutumika, mwombe muuzaji aichomeke na kufungua programu inayosoma ripoti ya afya ya diski, kama CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha saa ambazo diski imewaka na idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Saa nyingi zinavumilika. Sehemu zilizohamishwa, hata zikiwa chache, zinatosha kukufanya uirudishe mezani.

Neno moja kuhusu lebo: ukinunua terabaiti 1 na Windows ikakuonyesha gigabaiti 931, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Flashi na kadi

Hapo kuna wizi wa kweli. Niliwahi kununua barabarani flashi iliyoandikwa gigabaiti 512 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na kompyuta ikathibitisha kwamba ni gigabaiti 512. Ilipokea faili zote bila kulalamika, na majina yote yakaonekana. Nilipokwenda kufungua, gigabaiti 16 za kwanza ndizo zilizokuwa hai. Zilizobaki zilikuwa majina matupu. Wanaozitengeneza hubadili programu iliyo ndani ya kidhibiti cha flashi ili itaje ukubwa wa uongo, na data inayozidi ukubwa halisi hutupwa au huandikwa juu ya ile ya awali. Dawa yake ni kuijaza flashi nzima kwa data ya majaribio na kuisoma tena, kazi inayofanywa bure na programu ya H2testw katika Windows, au F3 katika Linux na Mac. Fanya hivyo kabla hujaiamini kwa lolote, na ikiwezekana kabla hujaondoka dukani.

Hata flashi halali si chombo cha kuhifadhia. Kwa kawaida huwekewa chipu za daraja la chini kuliko za SSD, na kasi yake ya kuandika humshangaza mnunuzi: flashi ya USB 2.0 huweza kusoma megabaiti 30 kwa sekunde lakini ikaandika 10 au pungufu, kwa hiyo harusi yetu ingechukua karibu saa 1 na dakika 47 kuingia na dakika 36 kutoka. Ni chombo cha kusafirishia tu, na katika kazi hiyo hakuna kinachoishinda nchini kwetu, kwa sababu tundu la USB lipo katika televisheni, redio ya gari, king'amuzi, mashine ya kuchapia ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na kompyuta ya shule kijijini.

Ila angalia mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao flashi hupangia faili zake. Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haikubali faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tupu ya gigabaiti 50, na ujumbe inaoutoa huwafanya watu wadhani imeharibika. Iandae kwa exFAT ikiwa itatumika katika kompyuta na televisheni mpya. Iache FAT32 ikiwa inakwenda kwenye redio ya gari au televisheni ya zamani, na ugawe video vipande viwili. Kwa wateja wetu sisi hugawa vipande viwili siku zote, kwa kuwa hatujui televisheni ya shangazi ni ya mwaka gani.

Kadi za kamera zilikuwa na vita vyao. Sony ilitoa Memory Stick mwaka 1998. Panasonic, SanDisk na Toshiba wakatangaza SD mwaka 1999. Olympus na Fujifilm wakaleta xD mwaka 2002. SD ilishinda, na mwaka 2010 Sony yenyewe ikaanza kuuza SD. Mwenye kadi ya xD leo anatafuta kisomeo, hatafuti data.

CD, DVD na Blu-ray

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tofauti za ndani zilipo nyingi na ndipo watu wengi walipoweka kumbukumbu zao kati ya mwaka 2000 na 2015. Diski zote tatu zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, na mtoto angezipanga rafu moja. Kilichobadilika ni mwanga. CD, iliyotolewa na Philips na Sony mwaka 1982, husomwa kwa leza ya nanomita 780 isiyoonekana kwa jicho. DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray hutumia leza ya samawati inayoelekea zambarau, ya nanomita 405. Kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi, ndivyo nukta ya leza inavyokuwa ndogo, na ndivyo mistari ya data inavyoweza kusogezwa karibu zaidi: mikromita 1.6 katika CD, 0.74 katika DVD, na 0.32 katika Blu-ray. Ndipo tukatoka megabaiti 700 tukafika gigabaiti 4.7, kisha 25, kwa diski ile ile ya mkononi.

Kwa anayehifadhi, jambo kubwa zaidi ni mahali tabaka la data lilipo ndani ya plastiki. Katika CD liko juu kabisa, chini ya lebo, likilindwa na rangi nyembamba tu. Watu huogopa mkwaruzo wa upande unaong'aa, ambao mara nyingi husafishika, kumbe kalamu ya wino yenye ncha ngumu iliyotumika kuandika jina la bwana harusi upande wa lebo ndiyo iliyoua diski. Katika DVD tabaka limebanwa katikati, kati ya vipande viwili vya milimita 0.6, kwa hiyo DVD huvumilia pande zote mbili, ila gundi ikiachia pembeni hewa na unyevu huingia. Katika Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, karibu sana na vidole vyetu, ndiyo maana ilibidi ipakwe utando mgumu maalumu. Kama nalazimika kumkabidhi diski mtu ambaye najua ataiweka juu ya televisheni bila kasha, nampa DVD.

CD au DVD unayochoma mwenyewe, tofauti na ile iliyogandamizwa kiwandani, hushika data katika rangi ya kikaboni, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Nimepokea DVD za kampuni moja, za mwaka mmoja, nusu zilizokaa kwenye kabati la mbao zikisomeka na nusu zilizokaa kando ya dirisha zikikataa. Diski za M-DISC hutumia tabaka lisilo la kikaboni na hustahimili zaidi, lakini kuzipata Kampala ni kuagiza na kusubiri.

Ushindani wa miundo nao una faida kwa anayechagua leo, kwa sababu unaonyesha chombo hushinda kwa njia gani. Kabla ya DVD kulikuwa na kambi mbili, Sony na Philips upande mmoja, Toshiba na wenzake, akiwemo Time Warner, upande wa pili. Kampuni za kompyuta zikiongozwa na IBM zilikataa kuunga mkono miundo miwili, na mwaka 1995 kambi hizo zikakubaliana muundo mmoja. Hata hivyo zilipokuja diski za kuchoma, ugomvi ukarudi kwa alama ndogo: DVD-R ya Pioneer ilianza mwaka 1997, na DVD+R ya kundi la akina Philips na Sony ikaja mwaka 2002. Kwa mnunuzi tofauti hiyo ilimalizwa na mashine zilizosoma zote mbili, ila mashine za zamani za kutazamia hupokea DVD-R kwa urahisi zaidi kidogo, na kwa wateja wa vijijini ndiyo niliyokuwa nikiitumia.

Vita kubwa ilikuwa ya HD DVD na Blu-ray, zote za leza ile ile ya nanomita 405. HD DVD ya Toshiba ilikuwa na gigabaiti 15 kwa tabaka, na kwa kuwa iliacha data kwenye kina kile kile cha milimita 0.6, viwanda vya DVD viliweza kuitengeneza kwa marekebisho machache, jambo lililoifanya iwe nafuu. Blu-ray ilikuwa na nafasi kubwa zaidi na gharama kubwa zaidi. Ungetazamia nafuu ishinde. Lakini Sony iliweka kisomeo cha Blu-ray ndani ya kila PlayStation 3 kuanzia Novemba 2006, kwa hiyo mamilioni ya nyumba zilikuwa na mashine ya Blu-ray kabla wenyewe hawajaamua kununua filamu. Mwezi Januari 2008 Warner Bros. ilitangaza kuegemea Blu-ray, na tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikaacha HD DVD. Muundo ulioingia majumbani kwa mlango wa nyuma ukaushinda ule wa bei nafuu.

Sisi hapa Uganda vita ile hatukuiona, kwa kuwa vibanda vya video vilikuwa vimeshatoka kwenye kanda za VHS kwenda VCD na DVD, na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda na ma-VJ, wasimulizi wanaoingiza sauti zao juu ya filamu, ziliuzwa kwa diski za bei ya chini kabisa. Blu-ray haikupata nafasi. Tuliruka kutoka DVD moja kwa moja hadi flashi, na leo mteja huenda kwa muuza filamu na flashi yake mfukoni akajaziwa. Kwa maana hiyo, kwa vigezo vyetu vya ndani, Blu-ray ni chombo kizuri kisicho na wasomaji. Mapema mwaka 2025 Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kuchoma, na ingawa wapo watengenezaji wengine, singemshauri mtu yeyote aanze kujenga maktaba ya familia juu yake sasa.

Mwaka jana Hajati mmoja wa Bombo aliniletea DVD za harusi ya mwanawe wa kwanza. "Mwanangu, diski ninayo, ila nyumba nzima hakuna pa kuiweka," aliniambia, na ilikuwa kweli: mashine ya DVD ilikufa, televisheni mpya ina tundu la USB tu, na laptopu za wajukuu hazina mlango wa diski. Diski tatu kati ya nne zilisomeka bila tatizo. Ya nne ilikuwa na madoa ya jua, tukaipata robo tatu baada ya kuisoma usiku kucha kwa kasi ya chini kabisa.

Wingu na kanda

Kuhifadhi mtandaoni kuna sifa moja ambayo hakuna chombo cha mkononi kinayo: nyumba ikiungua au mkoba ukiibwa, nakala inabaki. Kwa nyaraka, vyeti, hati za ardhi zilizopigwa picha na hesabu za chama cha akiba, gigabaiti chache za bure zinatosha na ningemsihi kila mtu azitumie. Kwa video hesabu ni nyingine. Kupandisha gigabaiti 64 kwa mtandao unaotoa megabiti 5 kwa sekunde (megabiti 8 ndizo megabaiti 1) huchukua zaidi ya saa 28 bila kukatika, na tangu Julai 2021 vifurushi vya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12 juu ya VAT. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na kazi za wateja mtandaoni peke yake alikaa akitazama skrini. Ofisi inayotunza taarifa za watu ikumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaitaka izilinde taarifa hizo popote zilipo, ikiwemo kwenye diski kuukuu inayouzwa bila kufutwa ipasavyo.

Kanda za sumaku za LTO, zilizoanza mwaka 2000, bado ni chombo bora cha kuweka data nyingi kwa miaka mingi, na kanda moja ya LTO-9 hubeba terabaiti 18. Bei ya mashine yake huiweka mikononi mwa benki, vituo vya utangazaji na maktaba kubwa. Mtu binafsi aipite tu.

Uchaguzi kwa hali tatu

Mwanafunzi wa chuo mwenye laptopu ya mitumba na fedha za kitu kimoja anunue SSD ya SATA ya gigabaiti 240 au zaidi, aiweke badala ya diski ngumu ya zamani, kisha ile diski ya zamani, ikiwa ripoti yake ya afya ni safi, aitie ndani ya kasha la nje la USB iwe nakala ya akiba. Tasnifu aiweke pia mtandaoni kila jioni. Flashi awe nayo ya kupeleka kazi kwa mchapaji, na asiiachie nakala pekee ya kitu chochote.

Ofisi ndogo, parokia, msikiti au chama cha akiba na mikopo kina data kidogo lakini nzito kwa thamani. Hapo diski ngumu mbili za nje za terabaiti 1, zinazopokezana kila wiki, moja ikikaa ofisini na nyingine nyumbani kwa katibu, zinashinda kifaa kimoja cha gharama kubwa. Ziwe za chapa tofauti, au walau zinunuliwe miezi tofauti, kwa kuwa diski za shehena moja huweza kuwa na kasoro moja. Ziandikwe tarehe kwa kalamu, na mara moja kwa mwaka faili kadhaa zifunguliwe katika kompyuta nyingine kabisa.

Karakana ya video kama yetu ndiyo yenye gharama. Uhariri tunaufanya kwenye SSD ya NVMe ya terabaiti 1. Harusi ikimalizika inahamia diski ngumu ya inchi 3.5, ya mezani, isiyotoka ofisini, na nakala ya pili inakwenda diski nyingine iliyo nyumbani kwangu. Tunaponunua diski za kuhifadhia huangalia kama ni za SMR, aina ambayo mistari ya data hulaliana kama vigae vya paa: hufaa kwa kazi ya kuandika mara moja na kuacha, lakini ukiibadilisha mara kwa mara huzorota hadi kuudhi. Mteja hupewa flashi, naye huambiwa wazi kwamba flashi ni ya kutazamia. Akiomba DVD tunamchomea, na bado wapo wanaoomba, hasa wazee.

Kwa ajili yao, na kwa ajili ya makasha ya diski yanayozidi kuletwa kutoka Bombo, Jinja na Mbale, tumenunua visomeo viwili vya nje vya DVD vinavyotumia USB, kimoja cha kazi na kimoja ambacho bado kimo ndani ya boksi lake.